Mtuulize Pia Tunalalaje: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Afya Mkoani Tabora

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Waganga Wakuu wa Halmashauri zote za mkoa wetu, na Wakurugenzi mnaopitisha bajeti za zahanati na vituo vya afya.

Waheshimiwa, salaam. Mwangaluka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Uyui, na nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba. Nawaandikia kwa ajili yangu na kwa ajili ya wenzangu ninaokutana nao kwenye foleni za dawa: wenye pumu ya ngozi, wenye mbalanga (ngozi inayopoteza rangi), wenye ukurutu usiokoma, na wale waliopona ukoma ambao majirani bado hawajakubali kwamba wamepona. Ombi langu nalitaja mapema, maana najua mna mafaili mengi mezani. Kila mgonjwa wa ngozi wa muda mrefu anayefika kituoni aulizwe kuhusu usingizi wake, hofu yake na hali ya moyo wake. Jibu lake liandikwe kwenye kadi, pale pale linapoandikwa jina la dawa ya kupaka. Na akijibu kwamba hali ni mbaya, awepo mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.

Kwa miaka yote niliyotibiwa nimeonyesha viwiko, magoti, kichwa na mgongo. Nimeulizwa kama nakunywa pombe, kama nilibadilisha sabuni, kama kuna ndugu mwenye ugonjwa huu. Ni maswali ya maana, na nawashukuru walioniuliza. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nalalaje.

Naanza na usingizi kwa sababu ndipo maumivu yetu mengi yanapoanzia. Mchana mtu ana kazi, ana wanafunzi, ana watu wa kuzungumza nao, na mwili unasahaulika kidogo. Usiku taa ikizimwa, mwasho unapanda. Ngozi hupata joto zaidi chini ya blanketi, na homoni ya mwili inayotuliza uvimbe hushuka saa hizo. Unajikuna, unapata nafuu ya muda mfupi, kisha ngozi iliyochubuka inavimba na kuwasha kuliko mwanzo. Asubuhi kuna damu kwenye shuka na magamba kitandani, na inakubidi ufue kabla wengine hawajaamka ili wasione. Rudia hayo usiku baada ya usiku, miezi na miezi. Mtu asiyelala hukasirika upesi, husahau, hukata tamaa kwa jambo dogo, huacha kufurahia hata vitu alivyokuwa akivipenda. Halafu huzuni na hofu hizo nazo huichochea ngozi. Wataalamu wanaeleza kwamba ngozi na ubongo huchipuka kutoka tabaka moja la kiinitete mtoto akiwa tumboni, na kwamba msongo wa mawazo huamsha kemikali za mwili zinazoongeza uvimbe na mwasho. Wengi wetu tulilijua hilo kabla ya kuelezwa: ukifiwa, ukidaiwa, ukigombana nyumbani, mabaka yanafuata.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi haamki peke yake. Anaamka na mama yake. Namfahamu mama mmoja ambaye usiku humshika mwanawe mikono ili asijichane, na asubuhi anakwenda kuuza vitumbua akiwa hajafumba macho. Baba alihamia chumba kingine. Ndugu wanamwambia mama huyo kwamba anamdekeza mtoto. Mtoto anapopelekwa kliniki anapata krimu, na mama anarudi alivyokuja. Naomba muelewe kwamba pale wamekuja wagonjwa wawili, na aliyeandikwa ni mmoja.

Jambo la pili ni mguso. Huku kwetu undugu unaonekana kwa kukaribiana. Tunashikana mikono, tunanawa kwenye beseni moja, tunakula ugali kwenye sinia moja, na msibani tunalala mkekani bega kwa bega. Kwa hiyo mwenye mabaka anapotengewa sahani yake, hata kama imewekwa kwa upole na nyama nono juu yake, ameshaelewa. Mara nyingi anayemtengea ni mtu anayempenda, ila anaogopa kuambukizwa, au anaogopa wageni watasemaje. Kuna kinyozi anayesema mashine imeharibika kila akikuona wewe. Kuna abiria anayesogea pembeni kwenye gari. Kuna mzazi anayemvuta mtoto wake.

Soriasisi haiambukizi. Pumu ya ngozi haiambukizi. Mbalanga haiambukizi. Katika soriasisi, kinga ya mwili huiharakisha ngozi hivi kwamba seli ambazo zingechukua takriban mwezi mmoja kukomaa na kupukutika hufanya hivyo kwa siku chache tu, na ndiyo maana magamba yanalundikana. Katika mbalanga, kinga hiyo hiyo huzishambulia seli zinazotoa rangi. Kijiko hakivushi magonjwa hayo, wala kitanda, wala kitana, wala mkono. Naandika haya kwenye barua ya viongozi kwa sababu sijayaona yakiandikwa kwenye ukuta wa kituo chochote nilichotibiwa, mahali ambapo mama mkwe aliyemsindikiza mgonjwa angeweza kuyasoma.

Hofu hiyo ya kuambukizwa ina historia yake. Wazee wanakumbuka enzi za kambi za wakoma, mtu alipotolewa kijijini na kwenda kuishi mbali na watu wake. Leo ukoma unatibika kabisa kwa dawa mseto zinazotolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena baada ya muda mfupi. Dawa imebadilika, ila hofu ya zamani imebaki, na sasa inamwangukia kila mwenye baka. Wengine wakiona ngozi imeharibika wanasema ni UKIMWI. Mtu anapewa magonjwa mawili ambayo hana, juu ya ule alionao.

Kisha linakuja swali la kwa nini mimi. Nimemkosea nani? Mmoja anakwenda kwa mganga wa kienyeji, anaambiwa ni jirani. Anarudi bila mbuzi wake na bila jirani wake. Mwingine anaambiwa kwenye maombi kwamba imani yake ni haba, na mabaka yanaporudi baada ya mfungo anaamini kwamba Mungu amemkataa. Siwaambii watu waache kusali. Mimi nasali. Nasema kwamba ugonjwa unaopungua na kurudi kwa asili yake, mgonjwa asipoelezwa hivyo tangu siku ya kwanza, humfanya ajihukumu kila unaporudi. Dakika chache za maelezo kwenye chumba cha daktari zingemwondolea mtu hatia aliyoibeba miaka.

Baada ya muda mgonjwa hasubiri tena kutengwa. Anajitenga mwenyewe, mapema, ili asione sura ya mtu anayemkwepa. Hali hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu haina kelele na haina shahidi. Anaacha kwaya. Anaacha vikoba. Anakataa mwaliko wa harusi kwa kisingizio cha safari. Kijana mmoja wa Urambo alivaa mikono mirefu na kola iliyofungwa mpaka juu, hata akiwa ndani ya mabani ya kukaushia tumbaku, na hata mwezi wa kumi jua likiwa kali kuliko miezi yote. Alikuwa na soriasisi, na wengi wenye soriasisi hupata nafuu kwa jua la kiasi. Aibu ilikuwa inamzuia kupata dawa isiyouzwa. Alikuwa pia ameanza kunywa na kuvuta sigara ili mawazo yapungue, na vyote viwili, pombe na sigara, huuzidisha ugonjwa huu.

Shuleni nimemfundisha binti mwenye mbalanga mikononi. Kwenye daftari alikuwa miongoni mwa bora. Darasani hakunyoosha mkono hata mara moja. Walimu waliomtangulia waliandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Akinyoosha mkono, darasa zima lingeuona mkono huo. Nilianza kumwita kwa jina bila kungoja anyooshe, na mwaka ule aliongea. Lakini ni wangapi hawaitwi? Umri wa kubalehe, mwili unapobadilika na kila neno la wenzako linakuchoma, ndio umri ambao chunusi kali, mbalanga na soriasisi huwajia wengi. Kwa wasichana hufuata na maneno ya nani atakuoa, na maneno hayo husemwa na watu wazima, mbele yao.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo naomba waganga wakuu mlisisitize kwa watumishi wenu. Ukubwa wa baka haupimi ukubwa wa maumivu. Mtu anaweza kuwa na mabaka mgongo mzima na akaishi vizuri kwa sababu nyumba yake imemkubali. Mwingine ana doa moja usoni, au sehemu za siri, na hataki kuishi. Anayepima kwa macho peke yake atamwambia huyu wa pili, "Wewe yako ni ndogo, shukuru Mungu," na kumruhusu aende.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa wa kliniki za ngozi zaidi ya 3,600 katika nchi 13 za Ulaya na watu wengine wasiopungua 1,300. Sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, ilikutwa kwa asilimia 10 ya wagonjwa hao, na kwa asilimia 4 hivi ya wale wengine. Wagonjwa waliokuwa na mawazo ya kujiua walikuwa karibu asilimia 13, dhidi ya 8. Ulaya si Tabora. Lakini hao ni watu wenye madaktari wa ngozi, wenye bima, na wengi wao hawajawahi kuambiwa wamerogwa. Mjiulize hali ikoje kwa asiye na hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa naomba niseme jambo zito waziwazi. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu bado inasema kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Kuwaza si kosa, lakini mgonjwa hajui tofauti hiyo, na baadhi ya watumishi pia hawaijui, kwa hiyo anayewaza ananyamaza na anayepaswa kuuliza anaogopa kuuliza. Kubadilisha sheria si kazi ya mkoa. Lakini mkoa unaweza kuwaandikia watumishi wake kwamba mgonjwa anayesema amechoka kuishi apokewe kama mgonjwa, asiachwe peke yake, apatiwe msaada siku hiyo hiyo, na asitishwe. Kumuuliza mtu kama ana mawazo hayo hakumpandikizii mawazo hayo. Kwa wengi, kuulizwa ndiyo nafuu ya kwanza.

Dawa zenyewe zinadai kwamba chumba cha ngozi na chumba cha afya ya akili vizungumze. Lithiamu, inayotumika kwa baadhi ya magonjwa ya akili, inaweza kuamsha au kuzidisha soriasisi. Mgonjwa akiona ngozi inaharibika anaitupa bila kumwambia mtu, na akili inarudi ilikotoka. Kwa upande mwingine, sindano na vidonge vya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) vinavyotolewa haraka haraka kwa soriasisi huleta nafuu ya ajabu kwa wiki chache, kisha vikikatishwa ugonjwa unaweza kulipuka vibaya zaidi, na dawa hizo huweza pia kuvuruga usingizi na hisia. Kuna na krimu zenye steroidi kali zinazouzwa mitaani kama za kung'arisha. Mtu mwenye aibu ya ngozi yake ndiye mteja wa kwanza, na baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, ina michirizi, na aibu imeongezeka.

Najua mtajibu kwamba hakuna fedha. Ninachoomba kinaweza kuanza na mliyonayo.

Kila halmashauri ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977. Huyo tayari anajua kuangalia ngozi, anajua kufuatilia mgonjwa mpaka nyumbani, na anajua uchungu wa kutengwa kuliko mtumishi mwingine yeyote. Mpeni nafasi awafundishe wenzake wa zahanati jinsi ya kuzungumza na mwenye baka lolote. Maafisa ustawi wa jamii wapo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024, wanaingia majumbani na wanaona nani ana sahani yake ya peke yake. Kwa upande wa utaalamu, kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachowafundisha hata matabibu wasio madaktari bingwa ili warudi kuhudumia mikoa kama wetu. Pelekeni tabibu kutoka kila halmashauri, mmoja baada ya mwingine, na akirudi asihamishiwe kwenye kazi ya ofisini.

Maswali nayo yapo, hayahitaji kubuniwa. Tangu 1994 kuna dodoso lililotungwa Cardiff, Uingereza, lenye maswali 10 tu kuhusu wiki iliyopita: umewashwa kiasi gani, umeona aibu kiasi gani, ngozi imekuzuia kufanya kazi, kuvaa unachotaka, kukaa na marafiki, kuwa na mwenzi wako. Kuna pia yale mawili ya kupima sonona kwa haraka: ndani ya wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Muuguzi anayauliza wakati anapima shinikizo la damu. Ayaulize kwa lugha ambayo bibi wa Sikonge ataielewa, na pazia likiwa limefungwa. Naomba sana hilo pazia. Kuvua nguo mbele ya mlango ulio wazi kumewafanya wengi wasirudi kliniki.

Atakayeonekana ana shida asikilizwe na nani? Zimbabwe walikuwa na madaktari wa akili wachache mno, na mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda akaanza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na wenye mawazo, kwa hatua za kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tabora ina bibi wenye busara, na ina miembe karibu kila kituo cha afya. Naamini jambo hili linawezekana hapa, tena miongoni mwa wa kuketi kwenye benchi hilo wawepo watu wenye magonjwa ya ngozi waliokwisha jifunza kuishi nayo. Mgonjwa mpya akimwona mtu mwenye mabaka kama yake anacheka, ana kazi, ana familia, anaelewa mambo ambayo hakuna kipeperushi kinachoweza kumweleza.

Vitu vidogo pia visisahaulike kwenye maombi ya dawa. Mafuta ya mgando, marhamu ya salisiliki, krimu ya yurea: ni za kulainisha ngozi na kulegeza magamba, si dawa za kifahari. Zinapokosekana kwa miezi, mgonjwa aliyekuwa ameanza kutulia anaona mwili wake ukirudi nyuma na yeye hana la kufanya, na hali ya kukosa la kufanya ndiyo inayomvunja.

Shule nazo ziandikiwe, kwa ushirikiano na maafisa elimu. Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa ngozi aruhusiwe mikono mirefu, asilazimishwe sabuni au mafuta yanayomchoma, asikalishwe dawati la peke yake, na jina la utani linalotokana na ngozi lichukuliwe kama kosa la nidhamu. Walimu wenzangu wengi wangefurahi kupata mwongozo huo, maana sasa kila mmoja anafanya anavyoona.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Kwa soriasisi peke yake kulikuwa na azimio tangu 2014. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kinachobaki ni kuliingiza jambo hili kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa kila Halmashauri, likiwa na kifungu chake na jina la mtumishi anayewajibika, kabla mpango wa mwaka ujao wa fedha haujafungwa.

Naomba mkutane nasi, wagonjwa na wazazi, mahali popote mtakapochagua, Tabora mjini au wilayani. Tutakuja na kadi zetu. Mtaona zilivyojaa majina ya dawa, na mtatuambia ni ukurasa gani unaweza kubeba swali la usingizi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Wilaya ya Uyui, Tabora